Chanjo Isigande

Vijana wa stoo ya chanjo mmeniomba niandike habari za kazi kabla sijazisahau. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana nilivyovipata havikunifundisha kitu, na habari za mshahara kila mtu anazijua za kwake. Nitawaandikia habari za moto, barafu, pima-maji, na neno moja la Kiswahili nililolibandika kwa mkono wangu kwenye milango ya friji, likaniaibisha.

Nilianza kazi Moshi mjini katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa kijana wa Rau mwenye cheti cha ufundi na shati jeupe. Shati ndilo lilikuwa kosa la kwanza. Fundi mkuu wa stoo, Mzee Eliapenda, alikuwa na masizi hadi kwenye nyusi. Aliitikia shikamoo yangu bila kuinua kichwa, akanisukumia kigoda, akaniambia nikae mbele ya friji ya mafuta ya taa niangalie moto wake. Nikakaa asubuhi nzima. Mchana akarudi.

"Umeona nini?"

"Moto, mzee."

"Wa rangi gani?"

"Wa bluu. Kuna wakati unakuwa wa njano."

"Ukiwa wa njano unatoa masizi. Masizi yanaziba bomba, bomba likiziba hiyo siyo friji tena, ni kabati. Sasa niambie, baridi iliyomo humo ndani inatoka wapi?"

"Inatengenezwa na friji, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hakuna kitu kinaitwa baridi, mwanangu. Kuna joto tu, likiwa jingi au likiwa dogo. Baridi haiingii humo. Joto ndilo linatolewa nje. Na anayelitoa ni huo moto uliokuwa unauangalia."

Nikarudi nyumbani na shati la kijivu, nikiamini nimepangiwa kazi na mtu asiye na akili timamu.

Kwa msomaji asiye wa kazi yetu: chanjo hufa ikipata joto, kwa hiyo tangu inaposhuka kwenye ndege hadi inapoingia kwenye mkono wa mtoto lazima iwe ndani ya kitu kinachoizuia isipate moto. Safari hiyo yote tunaiita mnyororo baridi. Huko milimani wakati ule umeme ulikuwa haujafika, na pete za mnyororo wetu zilikuwa friji za mafuta ya taa, kila zahanati na yake. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kuzitunza.

Mzee Eliapenda alikuwa pia mzee wa kanisa, na mifano yake yote ya fizikia aliichota usharikani. "Kila kitu ni chembe," aliniambia wiki ya pili, tukiwa tumelala chali chini ya friji, "na hakuna chembe inayotulia. Angalia watu ibadani. Wamekaa kwenye mabenchi, bega kwa bega. Kwaya ikiimba wanatikisika, lakini hakuna anayehama benchi lake. Hiyo ni barafu. Ibada ikiisha wanatoka nje kwenye mnada wa mavuno. Bado wamesongamana, lakini sasa huyu anapita kwa yule, anatazama mkungu wa ndizi, anatazama jogoo. Hayo ni maji. Mnada ukiisha, kila mtu na njia yake, kwenda kihambani kwake, kwenye nyumba na migomba yake. Huo ni mvuke. Watu ni walewale. Hakuna aliyegeuka kuwa mtu mwingine."

"Na joto, mzee?"

"Joto ni kasi ya wimbo. Wimbo wa taratibu, wanatikisika kidogo. Wimbo ukichangamka, benchi haliwezi kuwashika tena."

Nimesoma vitabu baada ya hapo, na sijapata maelezo yanayoyashinda hayo. Hata kipimajoto nilikielewa kwa njia hiyo. Chembe za kitu zinagonga kioo, kioo kinagonga kimiminika kilichomo ndani, nacho kikichangamka kinahitaji nafasi zaidi, kinapanda. Ukisoma namba pale unasoma vurugu tu, imekuwa kubwa au imekuwa ndogo kiasi gani.

Na ule moto? Ndani ya bomba la friji kuna amonia iliyochanganywa na maji. Moto unaichangamsha amonia, inatoroka majini ikiwa mvuke. Nyuma ya friji inapoa, inarudi kuwa kimiminika. Ikifika ndani, karibu na chanjo, inatoroka tena kuwa mvuke, na kutoroka kunataka nguvu. Nguvu hiyo inaichota kwa jirani yake, na jirani yake ni sanduku la chanjo. Ukitoka jasho ukapigwa na upepo, unasikia ubaridi kwa sababu hiyohiyo: maji yanayokimbia yanaondoka na joto lako.

Friji hizo zilikuwa na deko. Zilitaka kusimama wima kabisa, na nyinyi mnaujua mlima wetu, hata sakafu inateremka. Kifaa nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa pima-maji ya mbao ya Mzee Eliapenda, ile yenye kipovu cha hewa. Tuliweka vipande vya tofali chini ya miguu ya friji hadi kipovu kikae katikati. Na friji ikigoma kabisa, dawa ilikuwa kuipindua kichwa chini siku nzima, ili amonia iliyoziba njia ijitafutie pengine. Zahanati moja nilikuta akina mama wamesimama wameizunguka friji iliyopinduliwa, kimya, kama watu waliofika msibani. Mmoja akaniuliza kama marehemu ataagwa saa ngapi.

Miaka ya mwanzo shida ilikuwa vifaa. Mafuta ya taa yalikuja kwa kibali, na utambi ukiisha tulisuka wenyewe kwa nyuzi za blanketi. Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka ya mjini yakajaa tambi za kila aina, vipimajoto vya kila rangi, na friji za mitumba zilizoshushwa zikiwa na maandishi tusiyoweza kuyasoma. Tulifurahi mwezi mmoja. Tambi mpya zikawa zinaungua katika wiki moja, na vipimajoto vitatu vikiwekwa kwenye bakuli moja vikasema mambo matatu. Mzee Eliapenda akavipanga mezani, akavitazama, akasema, "Zamani tulikuwa tunakosa. Sasa tunadanganywa." Mwaka uliofuata akastaafu, akaniachia pima-maji.

Hapo ndipo nilipojiona fundi.

Sheria ya friji ya chanjo ni nyuzi mbili hadi nane. Ikizidi nane, chanjo inakufa. Lakini iko nyingine ambayo watu huisahau: chanjo ya pepopunda ikigeuka barafu, imekufa pia. Chanjo ya polio unaweza kuigandisha kama jiwe, haijali. Ya pepopunda haiwezi, kwa sababu dawa yenyewe imeshikamana na punje ndogo sana zinazoelea kwenye maji. Maji yakiwa barafu, chembe zake zinapanga mabenchi yao, na kwenye mabenchi hayo hakuna nafasi ya mgeni. Punje zinasukumwa pembeni, zinabanwa, zinashikana mafungu. Barafu ikiyeyuka, maji yanarudi kuwa maji, lakini punje hazirudi kuelea. Ukiichoma dawa hiyo, umemchoma mtu bure.

Nilitaka wauguzi wote wa mlimani wajue hilo. Karatasi zilizotoka juu zilikuwa na maneno mengi na namba nyingi, nikaona zinachosha. Nikachukua kalamu nene, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, herufi kubwa, maneno matatu tu na alama ya mshangao: PEPOPUNDA: CHANJO ISIGANDE! Namba niliziacha makusudi, ili ujumbe uwe mfupi. Nikabandika kwenye kila mlango wa friji kutoka mjini hadi mpakani mwa msitu. Nilijisifu nyumbani siku mbili.

Mwezi wa saba, ukungu ukiwa umelala mlimani kutwa nzima, nilipanda kwenye zahanati moja juu ya Mwika. Jina lake nitalihifadhi. Muuguzi alikuwa mgeni, binti mmoja anaitwa Aisia, ametoka chuoni miezi michache, na semina yetu alikuwa bado hajaipata. Ilikuwa siku ya kliniki, mabenchi yamejaa akina mama wajawazito.

"Shikamoo, Fundi. Karibu. Friji yako iko salama," akaniambia, na uso wake ulionyesha kweli anaamini.

Friji ilikuwa inang'aa. Moto wa bluu, bomba safi, kipovu katikati. Nikafungua mlango. Chupa za pepopunda alikuwa amezitoa kwenye trei, akazipanga juu kabisa, zimegusa barafu. Nikachukua moja. Ilikuwa jiwe. Kwenye mlango fomu ya joto ilijazwa vizuri, asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja: sifuri, sifuri, moja chini ya sifuri, mbili chini ya sifuri. Wiki tatu.

Nikachukua chupa aliyokuwa akiitumia asubuhi ile, iliyokwisha kuyeyuka, na nyingine nzima niliyokuja nayo kutoka mjini. Nikazitikisa zote mbili, nikaziweka dirishani. Ile ya mjini ikabaki na ukungu mweupe, kama maji ya mchele. Ile nyingine ikaanza kushusha mashapo mara moja. Baada ya nusu saa juu kulikuwa na maji maangavu tu, na chini vipande vipande.

Hapo nilipaswa kumwita pembeni na kumuuliza. Kuuliza si ujinga. Mimi nikapaza sauti pale pale.

"Wewe hujui kusoma? Kumeandikwa nini hapa mlangoni?"

"Chanjo isigande, Fundi."

"Na hii ni nini?"

"Fundi, mimi nili..."

"Nakuuliza hii ni nini!"

Akina mama wote wakageuka kututazama. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika HAIFAI kwenye kila chupa, moja moja, polepole, ili kila mtu aone. Kisha nikateremka mjini nikaandika ripoti. Niliandika "uzembe wa muuguzi." Neno lile nililichagua mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Jioni ile mke wangu, Mama Neema, aliniwekea ndizi, akashusha kibuyu cha maziwa. Akakitikisa karibu na sikio, akatabasamu.

"Leo yameganda vizuri," akasema.

Nikaweka kijiko chini.

"Umesemaje?"

"Maziwa yameganda. Si unapenda mgando?"

"Na ukitaka yasigande unafanyaje?"

Akaniangalia kama mtu mwenye homa. "Baba Neema, leo una nini? Ukitaka yasigande unayaweka kwenye baridi. Kwetu mama alikuwa anazamisha chombo kwenye mfereji. Ukiyaacha jikoni kwenye joto yanaganda."

Sikula tena. Maji yanaganda kwa baridi. Maziwa yanaganda kwa joto. Neno ni moja, na sisi watu wa mlimani maziwa tumeyajua kabla ya friji. Yule binti alisoma karatasi yangu kama alivyofundishwa na mama yake: isigande, basi iweke mbali na joto, isogeze kwenye barafu kabisa. Alinitii. Tena alijaza fomu kwa uaminifu, kwa sababu aliziona namba zinashuka akadhani anafanya vizuri. Namba ambazo zingemwambia ukweli niliziacha mimi, ili mwandiko wangu upendeze. Niliona aibu, jamani, aibu ya kutotaka hata watoto waniangalie.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa bosi kabla hajafungua. Akaniambia ripoti imekwisha kupanda, na pendekezo ni binti aachishwe kazi.

"Bosi, kosa ni langu. Karatasi niliandika mimi. Na hata angekosa yeye, kosa moja haliachi mke."

"Huyu si mke, ni mtumishi," akasema. "Na wewe unataka tuandike kwamba fundi wetu hajui Kiswahili?"

"Ndiyo. Andika hivyo."

Hakuandika. Niliandika mimi, kurasa mbili, habari za maji na maziwa, nikatia sahihi. Nikabeba chanjo mpya kwenye kibebeo, kile kisanduku cha kutunzia baridi njiani, nikapanda Mwika.

Lakini mtu uliyemwaibisha mbele ya watu huendi kwake na maneno matupu, si kwetu. Nikasimama kwenye mpaka wa kihamba kimoja, nikaomba ruhusa, nikakata jani la isale. Kwa asiye wa huku: ukimpelekea mtu isale, umekiri kosa na unaomba msamaha, na si vyema akukatalie. Nilimkuta Aisia nyumbani kwa baba yake, anapanga nguo kwenye begi. Habari zilikuwa zimemfikia.

Nikamwamkia baba yake, kisha nikashika jani kwa mikono miwili mbele ya yule binti, mdogo wangu kwa miaka mingi.

"Karatasi ilikuwa mbaya," nikasema. "Wewe uliisoma sawa. Mimi ndiye niliyeandika ovyo, halafu nikakutukana kwa uandishi wangu."

Alilitazama jani. Baba yake alikohoa.

"Ulipouliza kama sijui kusoma," Aisia akasema, "nilikuwa nataka kukuambia habari ya maziwa. Hukunipa nafasi."

"Sikukupa."

Akalipokea. "Isale yako nimepokea, Fundi, hiyo ni ya kwangu. Na akina mama je? Wao utawapelekea nini? Kuna mama anajifungua mwezi huu, anadhani amekingwa."

Akaenda kuleta daftari. Majina yalijaa ukurasa mmoja na nusu. Siku nne tulipita vihambani kwa miguu, yeye mbele na daftari, mimi nyuma na kibebeo. Kila mlango niliambiwa nijieleze mwenyewe. Yule wa kujifungua ndiye tuliyeanza naye. Alinyoosha mkono, kisha akaniuliza kama hii nayo nitarudi kuifuta kwa kalamu nyekundu. Mama mkwe wa mmoja wao, bibi aliyekuwa akichambua maharage, alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo dawa iliganda?"

"Iliganda, bibi."

"Kama maziwa?"

"Hapana, bibi. Kama barafu ya huko juu Kibo."

"Sasa mbona hukusema barafu?" akauliza, akaendelea na maharage yake.

Mama yule alijifungua salama, na hakuna aliyedhurika. Nilisikia nikiwa chini ya friji nyingine, nikatoka nikakaa juani kidogo. Nilizunguka mlima mzima nikibandua karatasi zangu. Mpya aliandika Aisia, na mwandiko wake si mzuri kama wangu: PEPOPUNDA IKIWA BARAFU IMEKUFA. IWE KATI YA 2 NA 8. Mnaiona hadi leo kwenye friji za zamani. Sasa mnajua imetoka wapi.

Hakuachishwa kazi. Lakini barua ya onyo ilikwisha kuingia kwenye faili lake, na haikutoka. Niliomba iondolewe mara tatu, nikajibiwa mara moja. Mara ya mwisho nilimweleza Aisia mwenyewe kwamba nimeshindwa. Akasema, "Fundi, si wewe uliyetufundisha? Ikishaganda, hata ukiiyeyusha hairudi." Alisema kwa upole, na maneno hayo nimeyabeba kuliko barua yoyote.

Friji za umeme zikaja, za jua zikaja, moto wa bluu hakuna tena anayeuangalia. Pima-maji nimeiacha stoo, kwenye droo ya kushoto. Itumieni, hata friji ya jua haipendi kuegemea.

Siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, nashukuru. Mlipokuwa mnapiga picha, Aisia alishuka kutoka Mwika, mtu mzima sasa, ana mvi mbili tatu. Akanipa kibuyu kimefungwa kwa kitambaa. Juu yake alikuwa amebandika karatasi, kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa kama zangu za zamani: YAMEGANDA. YANAFAA.

Niliyanywa pale pale, mbele ya watu wote.